Dampa la Kabula

Jumatatu, 3 Machi

Dawa saa kumi na mbili asubuhi, kijiko kimoja. Amemeza. Uji amekunywa vijiko vitatu, akasukuma bakuli. Nimebadilisha shuka. Nimefua.

Muuguzi kule hospitali ya Kolandoto aliniambia niandike saa za dawa kwenye daftari hili, nisichanganye. Naandika. Utotoni sikukaa darasani hata siku moja. Herufi nilizipata ngumbaru, kisomo cha watu wazima kanisani, nikiwa tayari na wajukuu. Zikipinda, zipinde. Hakuna wa kuzisoma.

Walimrudisha mwanangu nyumbani kwa sababu kansa imeshasambaa. Waliniambia mimi, na yeye akasikia. Kabula wangu. Kitindamimba.

Leo ameomba kitu. Siyo chakula, siyo mchungaji. Amesema, "Mayu," ndivyo anavyoniita mama yake, "nitengenezee dampa langu."

Dampa ni lile gari kubwa la kubebea mawe. Ameliendesha miaka tisa kwenye mgodi upande wa Geita. Nikamwambia sijawahi kuliona. Akasema, "Najua." Akageukia ukuta.

Jumanne, 4 Machi

Dawa zote kwa saa zake. Ametapika mara moja.

Lile "najua" limenikaa kooni. Miaka ya nyuma mgodi ulialika familia za wafanyakazi, siku moja tu, waje waone mitambo. Kabula alinitumia nauli na kitenge kipya. Nikakataa. Nikasema mbele ya shangazi zake, siendi kushangaa mwanamke aliyeacha nyumba ya mume akaolewa na chuma. Maneno yakamfikia baadaye. Hakuniuliza. Sikumwambia. Miaka imepita hivyohivyo, anakuja Krismasi na sukari na mafuta, tunacheka, hilo liko katikati yetu.

Nitalitengeneza. Nataka alione limekamilika, na nataka nimwambie nilikosa. Kabla hajaenda. Mdomo wangu huu kutukana unajua. Kuomba radhi haujui.

Jumatano, 5 Machi

Nimetoa mkasi wa bati, nyundo, chuma cha kulehemu. Vina kutu. Kwa vifaa hivi nilikuwa natengeneza taa za koroboi nauza gulioni Segese. Kabula alilishwa na koroboi, akavishwa na koroboi. Sasa kila nyumba ina sola. Lakini mikono haijasahau.

Tatizo ni kipimo. Ndani ya mgodi hawaruhusu kupiga picha ovyo. Kwenye simu yake ipo moja tu, ya siku ile ya familia. Kabula amesimama peke yake, anacheka, nyuma yake tairi. Tairi tu. Kichwa chake kinafika katikati ya tairi. Jamani. Nilidhani ni ukuta wa nyumba.

Basi nimeamua hivi. Kidole gumba changu ni Kabula. Tairi ni vidole viwili kwenda juu. Gari zima kutoka mbele hadi nyuma amesema ni kama watu saba wamelala mstari. Vidole saba. Nimekata kijiti cha vidole saba, hicho ndicho rula yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Matairi sita. Mbele mawili, nyuma manne. Nimekata ndala kuukuu, nikagandisha vipande kwa gundi ya baiskeli, nikachonga kashata, ile mifereji ya kushika barabara, kwa wembe. Nikampelekea moja kitandani. Akalibonyeza kama nyanya sokoni.

"Hili limekwisha, mayu. Mvua ikinyesha nateleza nalo mpaka shimoni."

Akacheka. Kicheko kikamuumiza, akashika tumbo. Nimechonga upya yote sita, kwa kina. Kidole kimekatika kidogo. Si kitu.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Mungu anajua nilipo.

Bodi ya nyuma, ya kupakilia mawe, nimeikata kwenye debe la mafuta ya kula. Kabula amenieleza kwamba bodi inatokeza mpaka mbele, inafunika chumba cha dereva kama kofia, jiwe likidondoka lisimpate. Nikauliza, mawe hudondoka? Akasema wakati mwingine. Miaka tisa mwanangu amekaa chini ya mawe, na mimi nilikuwa nasema anaringa.

Dawa ya saa nane nilichelewa kwa sababu ya kulehemu. Alilia. Nimejichukia.

Alhamisi, 13 Machi

Analala sana sasa. Anaamka kwa dawa tu. Nikaona nisimsumbue kwa maswali, niende haraka. Nimemaliza chumba cha dereva leo. Kioo nimekata kwenye chupa ya maji. Mlango unafunguka na kufungwa. Nimejisifu kwa sauti, mwenyewe, jikoni.

Jumamosi, 15 Machi

Amekuja Rehema, mwenzake wa kazini, mtu wa Tanga. Anaendesha dampa pia. Shikamoo yake ina maneno mengi mpaka unasahau kuitikia. Amekaa na Kabula, amemsuka nywele zilizobaki. Kisha nikamwonyesha kazi yangu.

Akaligeuza. Akaligeuza tena. Akasema, "Mama Kabula, dereva wako kakaa kwa abiria!"

Nimeweka chumba kulia. Kwa nini nisiweke kulia? Kila gari nililoliona maishani, dereva yuko kulia. Eti madampa haya dereva yuko kushoto, yote, na kulia hakuna chumba, ni sakafu tupu. Rehema alicheka mpaka akafuta macho kwa mtandio. Kisha akaona uso wangu, akanirudishia gari.

Siku mbili zimepotea. Na sina siku.

Jumapili, 16 Machi

Nimebandua chumba. Bati la mbele limechanika lote. Nimekata jingine. Nimeungua mkono. Kabula hajala tangu jana. Nalowesha midomo yake kwa pamba.

Nina hasira na kila kitu. Na bati. Na jogoo wa jirani. Na mimi.

Jumatatu, 17 Machi

Asubuhi alikuwa macho kidogo. Nikalileta. Chumba kiko kushoto. Rangi bado, ngazi bado. Nikaliweka kitandani, nikachukua mkono wake nikauweka juu. Macho alifumba, vidole vikatembea vyenyewe. Tairi. Kofia ya bodi. Mlango. Akaufungua, akaufunga.

Nikasema. Sijui nilisemaje. Nilisema ile siku ya familia nilipaswa kuja, nilikataa kwa kiburi, na yale maneno niliyasema mimi, hakunisingizia mtu.

Kisha akasema polepole, "Wenzangu wote walikuwa na watu wao. Walitoa pilau. Nilikuchukulia sahani yako nikaiweka pembeni, nikadhani umechelewa basi. Mwisho nikala zote mbili."

Nikasema, nisamehe, ng'wanone, mwanangu.

Hakusema amenisamehe. Vidole vikarudi mbele ya gari, vikapapasa. "Ngazi iko wapi?"

"Kesho."

"Sasa napandaje?"

Nimetoka nje nimelia nyuma ya zizi, ng'ombe wananiangalia.

Jumanne, 18 Machi

Ngazi nimeimaliza saa tisa alasiri. Waya wa duara la chandarua cha zamani, vipandio kumi na viwili, nimevilehemu kimoja kimoja. Inapanda mshazari kama alivyosema. Nikampelekea. Hakuamka. Nikamwambia sikioni kwamba ipo. Nikauweka mkono wake. Mkono ukateleza, ukaanguka kwenye shuka.

Jumatano, 19 Machi

Kabula amekufa saa tatu asubuhi. Dawa ya saa nne sikuitoa.

Ijumaa, 21 Machi

Tumemzika. Wenzake walikuja wengi, wamevaa yale makoti yao ya kung'aa. Wanaume wazima wanalia kama mimi. Dampa lilikuwa mezani, wakalizunguka. Mmoja akasema vioo vya pembeni ni vidogo. Mwingine akasema, wewe, la kwake lilikuwa na vioo hivyohivyo. Wakabishana, machozi yanatoka, bado wanabishana vioo. Nikawapenda wote. Nikawapakulia ugali.

Shemeji yangu akataka liwekwe kaburini. Nimekataa. Nimesema halijapakwa rangi. Ni kweli, halijapakwa. Lakini hata lingepakwa ningekataa.

Jumanne, 22 Aprili

Rehema alikuwa na mapumziko. Akanipeleka upande wa Geita. Ndani hatuingii. Kuna mahali barabarani, nje ya uzio, unaona jilima la mawe linalojengwa na madampa. Tumesimama hapo tangu saa nne.

Likatokea dampa moja juu. Nilisikia kwanza miguuni, kabla ya masikioni. Vumbi, kisha gari. Matairi yangu ni madogo. Vidole viwili havitoshi, Kabula alisimama mbele, mbali kidogo na tairi, karibu na mpiga picha kwenye ile picha, sasa naelewa. Chumba kiko kushoto. Nikatafuta dereva. Haonekani. Kioo kinang'aa tu. Anaweza kuwa mwanamke, anaweza kuwa mwanamume.

Lingepita na Kabula ndani, nisingemwona. Yeye angeniona mimi. Mama mwenye kitenge kando ya uzio.

Likamwaga mawe, likageuka, likashuka.

Rehema akauliza kama turudi, jua limekuwa kali. Nikamwambia bado. Tukangoja lingine.