Jani la Isale kwa Kaka Deo

Mpendwa Baba,

Shikamoo huko uliko. Nakuandikia nimekaa jikoni, maana Kaka Deo anakuja leo na mimi namwogopa. Siogopi ngumi. Naogopa asinisalimie mbele ya Mama.

Ulituacha tukipendana. Kilichotutenganisha ni siasa, Baba. Baada ya uchaguzi, tukila machalari yetu ya ndizi na nyama hapa Kibosho, nilisema mtu akidhulumiwa lazima aseme. Yeye akanijibu kwa upole, "Mdogo wangu, nyumba ambayo kila mtu anapaza sauti hailali." Nikamwambia, "Wewe hulindi amani, unalinda kiti chako serikalini. Hata tungekufa sisi, ungenyamaza." Akaacha sahani, akawasha gari. Huu ni mwezi wa nane hatusemezani.

Nimewaza sana haya tuliyatoa wapi, nikakuta ni kwako. Yeye, kifungua mimba wako, ulimfundisha asimjibu mkubwa hata akionewa, ili ukoo usivunjike. Mimi ulinipa kisu nigawe nyama, ukasema anayegawa huchukua mwisho, ili asidhulumiwe mtu. Kila mmoja ameshika fundisho lake kwa mikono miwili, na kila mmoja anaona mwenzake ndiye aliyekusaliti.

Unakumbuka ugomvi wa mfereji? Zamu ya maji ilikuwa yetu, kijiji kizima kilijua, lakini ulichuma jani la isale, ule mmea wetu wa mipakani na makaburini, ukampelekea jirani kumwomba radhi. Nilikasirika. Ukaniambia, "Maji ni yetu. Ila nilimtukana mama yake." Naye akalipokea, kwa sababu isale haikataliwi.

Nataka kufanya hivyo leo. Msimamo wangu sijaubadili, na sitamdanganya. Nataka anisamehe mdomo wangu. Nilianza vibaya: wiki iliyopita nilimtumia picha ya isale kwa simu. Akaiona, ikaishia hapo. Ungenicheka. Tangu lini mtu wa huku akaomba radhi akiwa amekaa kwenye kochi?

Lakini vipi akilikataa na jani lenyewe? Isale ikikataliwa, hatuna kingine cha kuturudisha. Jana Mama kaniambia, "Msije mkanizika hamsalimiani." Macho yake yameisha, ila masikio yanasikia kila kitu, hata ukimya wetu.

Gari lake limeingia sasa hivi. Namchungulia dirishani. Hajaja nyumbani, amepitiliza migombani, amesimama kwenye kaburi lako, kofia mkononi. Na isale za mpakani tuling'oa zote tulipojenga ukuta. Zimebaki zile tulizokupandia wewe, pale pale miguuni pake.

Siwezi kulichuma bila kumfikia. Natoka, Baba. Naogopa, lakini natoka.

Binti yako, kitinda mimba