Vitufe Visivyo na Majina

Jumanne

Hatimaye nimeyasikia majibu yangu ya kliniki kwa masikio yangu mwenyewe. Tangu macho yalipozima, binti yangu Wanjiru hunisomea majibu ya vipimo vya sukari kwa sauti ya mhubiri, na majirani wa Riruta huyajua kabla sijameza mate.

Kompyuta yangu husoma kila kitu kwa sauti, lakini kwenye ukurasa wa kliniki ilisema tu, "Kitufe. Kitufe. Kitufe."

Leo nilikwenda ofisi ya kliniki, Parklands. Kijana aliyeutengeneza ukurasa huo akaniambia, "Mzee, si ngumu. Finya tu hiyo ya green."

"Nionyeshe," nikasema, nikapapasa na kuizima skrini yake.

Alisikiliza kompyuta ikisema, "Kitufe. Kitufe," akabofya kwa kubahatisha, akafuta miadi yangu na daktari. "Aki pole, guka!" akasema, akiniita babu kwa Kikuyu.

Kabla ya saa saba kila kitufe kilikuwa na jina. Nikavaa visikizi masikioni, nikafungua majibu mapya. Sukari imepanda. Niliogopa, sikatai.

Jioni Wanjiru akaweka mandazi mezani. "Baba, ukurasa umetengenezwa?"

"Bado wanahangaika nao."

Kesho nitamwambia. Leo nimekula mawili, ya kuagana.