Mashahidi wa Shamba la Msimbati

Magomeni, Mtwara
6 Oktoba 2024

Kwako dada yangu Saida,

Assalaam alaykum. Vipi hali yako, na shemeji Bwanali, na watoto? Yule mdogo aliyekuwa na kikohozi ulipokuja Juni ameshapona? Huku Mama hajambo. Magoti yanamsumbua lakini ulimi ni mzima, na kila akiniona nimekaa barazani ananiuliza kama naumwa au nimefukuzwa kazi. Sijafukuzwa. Kazi nimeiacha mwenyewe.

Barua hii ataileta Arsenio akirudi Tunduru na lori, baada ya kushusha korosho bandarini. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba umeshanunua saruji na matofali, na kwamba Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu unakuja kulijengea kaburi la mwanao Mwanaisha. Nimeishika simu mara nyingi nikupigie, nikaiweka. Nakuomba uisome hii mpaka mwisho kabla hujapakia hiyo saruji.

Juni uliniuliza nafanya kazi gani na wale watu wa kebo, nikakujibu juu juu kwamba tunapima ardhi. Kijijini walishaamua kwamba tunatafuta gesi nyingine, na wengine walikuwa wanauliza fidia italipwa lini. Haikuwa gesi. Mkubwa wetu, Daktari Brian, anatafiti maji yaliyo chini sana, makumi ya kilomita, huko ambako hakuna mtu atakayefika na mtambo wa kuchimba. Anasema ziko nchi ambako sakafu ya bahari inazama chini ya nchi kavu, polepole mno, na inapozama inabeba maji. Yakibanwa na kupashwa moto huko chini, maji hayo yanatoka, yanalainisha mwamba ulio juu yake, na ndiyo yanayopika volkano na kuhusika na matetemeko. Kuyaona huwezi. Lakini maji yenye chumvi yanapitisha umeme kuliko mwamba mkavu, na ardhi yote ina umeme kidogo wa asili, unaotokana na jua na radi za mbali. Ukiupima kwa muda mrefu, pamoja na sumaku yake, kompyuta inakuchorea kilichoko chini. Pwani yetu haizami popote, na ndiyo maana aliitaka: unampima mzima ili ujue mgonjwa ana joto kiasi gani. Niliipenda kazi hiyo, Dada. Nakuambia ili usije ukadhani nilikuwa mtu wa kutumwa asiyeelewa.

Vituo vilikuwa sita, na kimoja kilikuwa shambani kwetu Msimbati. Kila kituo kina vikopo vya madini ya risasi vinavyofukiwa kwenye tope la chumvi, na koili, yaani bomba refu lenye waya ndani, linalozikwa ili upepo usilitikise. Moja inalazwa kaskazini-kusini, nyingine mashariki-magharibi. Kwenye kituo cha kwanza wezi walichukua vikopo vyote wakayeyusha risasi kutengeneza chubwi za kuzamishia nyavu. Daktari Brian akasema koili ikiibiwa hata moja, kila mtu arudi kwao. Ndipo mmoja wetu akatoa wazo. Nitamtaja.

Mtu huyo alisema kwamba Waislamu humlaza maiti akielekea kibla, na kwa Mtwara kibla ni kaskazini, kwa hiyo kaburi letu linalala mashariki-magharibi, sawasawa na koili ile ya pili. Shimo lake lina urefu wa mtoto. Likiwekewa tuta, likachomekwa vijiti viwili, kichwani na miguuni, vile ambavyo marehemu Babu alikuwa akiviita mashahidi, hakuna mwizi wa Msimbati atakayelichokonoa. Daktari Brian si wa dini yetu wala wa pwani hii. Alicheka mpaka akapiga meza, akasema hiyo ndiyo elimu isiyofundishwa chuoni. Tuta likawekwa, vijiti vikachomekwa, na majirani wakaambiwa hapo ni kaburini.

Dada, nadhani umeshaelewa. Lile tuta ulilolipigia magoti lilikuwa na bomba la waya.

Ulikuja bila kutuarifu. Miaka sita ulikuwa hujakanyaga shamba lile. Mwanao alipofariki ulikuwa umelazwa hapa mjini baada ya upasuaji, mimi niko Dar, wanaume wakamzika mchana uleule, na baadaye mchwa wakala vijiti, majani yakafunika. Bi Husna, jirani yetu, alikupokea kwa furaha, akakushika mkono akakupeleka hadi pale, akakwambia mdogo wako kalitengeneza kaburi la mtoto. Uliporudi mjini ukanishika mikono yote miwili, ukaniambia Mungu anilipe, kwa kuwa sasa unajua pa kumwagia maji. Nikaitikia amina. Nikala na ule wali uliopika siku hiyo, sahani mbili. Nikikumbuka zile sahani mbili najisikia kinyaa.

Ulikwenda siku nne, kila baada ya alasiri, na ndoo yako ya bati. Koili inasikia chuma na inasikia kishindo. Kwenye kompyuta mistari inaruka unapofika, inatulia kadiri ya mtu kusoma Yasini, kisha inaruka tena unapoinuka. Daktari Brian alipoiona aliiita kelele, akaniagiza nikate saa hizo zote zisiharibu kipimo. Nikazikata moja moja. Nilijua ni nani.

Agosti alialika watu ukumbini hapa mjini kuwaonyesha matokeo. Katikati ya michoro akaweka picha, ambayo mwanafunzi wake Jesca aliipiga kwa mbali. Ni wewe, mgongo na kanga yako ya zambarau, na ndoo pembeni. Akasema kifaa chake ndicho pekee duniani kilichopata mfiwa. Ukumbi mzima ukacheka. Jesca aliinamisha kichwa. Mimi nilicheka, Dada. Nilicheka na meno nje, na tulipotoka yule bwana akanipiga begani akisema bila mimi asingepata kitu. Mpaka leo bega hilo nalisugua. Nachukia mafuta yake ya kunukia, nachukia anavyotamka Msimbati kana kwamba ni jina la mdudu. Lakini nilikaa naye hadi Septemba, nikachukua na barua ya sifa.

Sasa nimtaje yule mwenye wazo. Ni mimi. Daktari Brian angejulia wapi kibla? Nani angemwambia kuhusu mashahidi? Tuta nililipanga kwa mikono yangu, na nilisimama mbali kuangalia kama limependeza. Na Bi Husna aliponiuliza ni kaburi la nani, ningeweza kumtajia jina la mtu yeyote. Nilimtajia Mwanaisha, kwa sababu alijua kwamba kweli tulimzika mle shambani na asingeniuliza zaidi. Nilimtumia mtoto wako kulinda bomba. Koili tuliifukua siku tano baada ya wewe kuondoka, nikasawazisha udongo, na vijiti nikavitupa porini. Ungekuja na saruji yako usingekuta hata tuta.

Juzi nilikwenda kwa Mjomba Hamisi, ambaye ndiye aliyelichimba kaburi lenyewe. Nilimweleza yote kama ninavyokueleza. Alivaa makubazi akanitangulia. Shambani alianzia kwenye mkorosho uliopasuliwa na radi, akahesabu hatua kwa sauti, akasimama penye kivuli cha mkorosho mdogo, akasema ni hapa.

Nilipajua. Ndipo nilipokuwa nikiweka betri zisipigwe jua, na ndipo nilipokaa majuma matatu kabla hujaja, mchana kutwa, nikila mihogo na kutema maganda, nikililinda lile kaburi la uongo.

Nimepafyeka na kupafagia. Tuta sijaweka, mashahidi sijachomeka. Mkono wangu haufai tena kwa kazi hiyo. Mama hajui neno, na nimemwomba Mjomba asimwambie mpaka uamue wewe. Saruji ilete. Ukitaka nisiwepo siku hiyo, mwambie Arsenio nami nitabaki mjini. Ukitaka niwepo, nitabeba maji.

Msalimie sana shemeji, na watoto wote uwapakate kwa niaba yangu. Bi Husna anakusalimu, anasema anakungojea akusindikize pale pale. Sijaweza kumwambia.

Ni mimi mdogo wako,
Idrisa