Alhamisi Zilizoachwa Wazi

Baba Atu,

Mugonile. Najua hiyo ni salamu ya kumuuliza mtu amelalaje, na wewe sasa kulala ndiyo kazi yako. Lakini nimekaa juu ya dungu lako la kuamia ndege, mpunga umeshavunwa yamebaki mabua, ukungu wa ziwa haujaondoka, milima ya ng'ambo haionekani, na sijui nikuamkie vipi vingine. Mwandiko wangu unaujua, darasa la pili halikuunyoosha. Vumilia.

Atu amefanya mtihani.

Nimetaka nianze na hilo, kwa sababu mengine ni ya kuungama.

Mwaka jana uliondoka zikiwa zimebaki siku nane afanye mtihani. Mtoto alikaa matangani, vitabu vikabaki Mbeya, na mtihani ukapita kama basi lisilosimama. Halafu ushirika aliokuwa akifanyia kazi ukapunguza watu, naye akawemo. Siku hizi kampuni ni za watu binafsi, wanataka cheti cha juu cha uhasibu, hawaulizi wewe ni mtoto wa nani. Akarudi hapa Mwaya na sanduku la vitabu, akasema, "Mama, nipe miezi mitatu tu."

Akachora ratiba nyuma ya kalenda ya zamani, ile kubwa uliyoikataza isichomwe. Vyumba vyumba kwa rula, kila siku na somo lake: kodi, ukaguzi wa hesabu, sheria za makampuni. Nikasimama mbele yake na mwiko mkononi, nikaitazama weee. Nikamuuliza, "Msiba uko wapi?"

Akacheka. "Mama jamani! Nani anapanga msiba?"

"Hatuupangi. Tunauachia nafasi. Mtu akikaa Kyela miezi mitatu bila kwenda kuzika, huyo ni mgeni."

Alinung'unika, lakini akafuta Alhamisi zote. Msiba ukija siku yoyote, somo lililokosa siku yake lihamie Alhamisi. Na ilikuwa hivyo, Baba Atu. Tulizika kwa jirani, tukazika Bondeni, na ratiba haikukatika.

Saa tulizipanga kwa ndege. Si unajua wanavyoshuka asubuhi na jioni, mchana jua likiwa kali wanajificha mitini? Basi asubuhi mimi navuta kamba, makopo yanalia, yeye hapa juu anafanya mazoezi ya hesabu. Alisema hesabu hazina masikio. Mchana kimya kikishuka, anasoma sheria, maana sheria zinataka utulivu. Mimi hapo chini nasinzia. Naisikia sauti yake ikisoma Kiingereza, mpunga unainama na kuinuka, na kule ziwani wingu la kungu, wale wadudu wadogo wa ziwani, limesimama kama moshi wa jiko la mtu nisiyemwona. Naona ni wewe uliye juu, unamfundisha kuhesabu ndege kwa Kinyakyusa, naye ana miaka minne, anaruka namba makusudi ili umkamate mguu. Nikifungua macho, ni makopo tu yanagongana.

Sasa lile lenyewe.

Atu alipanda basi Jumapili, mtihani uanze Jumanne, wa siku nne. Jumatatu asubuhi Ambakisye mdogo wako akaja bila kupiga hodi. Dada yenu Sekela amefariki, kule Katumba Songwe. Akaandika kikaratasi akiwa amesimama. "Shemeji, mpe dereva wa basi la Mbeya. Mtoto arudi."

Nikasema, "Ee, shemeji."

Nikakifunga kwenye pindo la khanga yangu. Mafundo mawili. Nikaenda barabarani kweli, nikasimama. Basi likaja, dereva akapunguza mwendo. Nikampungia mkono apite.

Nilidanganya, Baba Atu. Dada yako, aliyembeba Atu mgongoni mwaka ule nilioumwa, amezikwa Atu hayupo.

Nilikwenda na mabakuli mawili ya mchele, moja langu, moja lake. Wenzangu walipochota maji mara moja, mimi nilichota mara mbili. Wanawake wa ukoo wenu hawakunihurumia. "Mama Atu, na msomi wako? Au siku hizi kuzika ni kwa sisi tusiosoma?" Nikawajibu, "Mwaka jana alizika baba yake na mtihani wake kwa siku moja. Mwaka huu mnivumilie, nimekuja mara mbili." Ila Ambakisye aliliona fundo. Alilitazama muda mrefu, kisha akainamisha kichwa.

Jumamosi nikampokea stendi. Alishuka anacheka, akaniona nilivyojifunga khanga kiunoni kimsiba, kicheko kikafia pale pale.

"Nani?"

Nikafungua fundo, nikampa karatasi, imelainika kwa jasho. Akaisoma yote, na siku iliyoandikwa.

"Ningerudi, Mama."

"Najua. Ndiyo maana."

Kesho yake akaenda Katumba Songwe, akakaa siku tano, akalima shamba la mihogo la shangazi yake peke yake, akarudi mikono ina malengelenge. Tangu hapo ananiamkia vizuri, lakini chai anainywa akitazama nje. Sijui kama amefaulu. Sijui kama amenisamehe. Majibu yote mawili nayangoja, na la pili ndilo linaloninyima hamu ya kula.

Leo alfajiri nimekuta ratiba mpya ukutani, maana imebaki sehemu ya mwisho ya mtihani, mwezi wa kumi na moja. Sikuwepo akichora. Alhamisi zote ameziacha wazi mwenyewe, isipokuwa ya kwanza. Hapo ameandika kwa penseli, herufi kubwa nizisome bila taabu: KABURINI KWA BABA. MIMI NA MAMA.

Nikakaa chini, Baba Atu. Nimeshika mwiko, uji unaungua.

Nakuahidi hili, na wewe ndiye shahidi: sitafunga tena habari ya mtoto kwenye khanga yangu, hata mtihani uwe kesho. Nitampa mkononi, achague mwenyewe, nami nitatetemeka pembeni.

Ndaga fijo kwa kunisikiliza. Alhamisi tunakuja na majembe, nyasi zimeanza kukufunika miguu. Akinyamaza njiani sitamlazimisha. Ila akifika hapo, umwanze wewe maongezi.

Lala salama.

Mama Atu