Ufagio Mlangoni kwa Baba

Dada Kaisu,

Huku kwa baba theluji imefika madirishani. Kila asubuhi natembea juu ya ziwa lililoganda, na jana nilivua samaki wawili kwenye tundu la barafu.

Jirani Veikko alinisimamisha njiani. "We Hilja, baba yenu atarudi lini? Tangu mlipomzika mama, kila nikija nakuta ufagio umeegemezwa mlangoni. Basi, kwa desturi yetu, najua hakuna mtu ndani, narudi zangu."

Kaisu, baba hajaenda popote.

Leo niliuficha ule ufagio. Niliporudi matembezini nikaukuta palepale mlangoni. Nikabisha.

"Hakuna mtu," baba akajibu kutoka ndani.

Njoo. Usiniandikie tena habari za kazi.

Mdogo wako,
Hilja