Mkono wa Papa na Yule Mtu wa Kitshanga

Karuba, Masisi
14 Machi 2021

Mpendwa kaka Habineza,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Huko Walikale mko salama? Kétsia mkeo anaendeleaje na kile kifua, na Lévi ameacha kula udongo? Sisi tuko, tunamshukuru Mungu. Mama anagomba kama kawaida, basi ujue haumwi.

Ng'ombe wa madoa amezaa ndama jike. Mama amemwita Walikale. Anasema angalau Walikale mmoja atakuwa anarudi nyumbani jioni.

Sasa ya Papa. Ujumbe wako Ngabo dereva alitufikishia: "Papa asilalishwe na muntu yeyote, nimekataza." Nilikasirika, kaka, nisikufiche. Simu za huku zinakatika katikati ya neno, kwa hiyo nimengoja hasira ipoe ndipo nikaandika.

Unajua aliungua mkono wote wa kulia, maji ya kupashia maziwa ya jibini yalipommwagikia. Kidonda lazima kisafishwe, la sivyo kitaoza, na tumeambiwa wazi kwamba mkono unaweza kukatwa. Dawa za maumivu anapewa, ila hazitoshi. Ndipo muuguzi mmoja wa kituo cha afya, Athanasie, aliyesomea hipnosi ya matibabu, hiyo unayoiita kulalishwa, akamwomba Papa wajaribu pamoja na dawa hizo.

Papa halali usingizi, kaka. Hilo nataka ulijue kwanza. Athanasie alifunga mlango, akamweleza kila kitu, kisha akamuuliza: "Papa Kanyamibwa, tuko tayari?" Papa alipokubali, akaambiwa afumbe macho, apumue taratibu, aingie kwa mawazo katika chumba chetu cha jibini, azigeuze jibini moja moja juu ya mbao kama anavyofanya kila asubuhi. Mimi nilikuwepo. Bandeji ikatoka, uso wake ukakunjamana kidogo tu, na vidole vya mkono wa kushoto vikawa vinageuza hewa.

Mara Athanasie, ambaye ni mtu wa mjini, akamwambia akate kipande aonje. Papa, macho bado yamefumba, akasema: "Apana, mama. Ile fromaji iko bado mubichi. Tuiache kwanza." Athanasie akacheka, akaomba radhi, wakaendelea kugeuza. Sasa niambie, huyo ni mtu aliyeibiwa akili?

Najua unachoogopa. Kitshanga bado wanakuita Mama Bidoni, tangu yule mtu wa mazingaombwe alipokupandisha jukwaani siku ya soko, akakulalisha, ukabembeleza bidoni, dumu la maji lililofungwa kitenge kama mtoto, mbele ya wateja wako. Ulihamia Walikale ukisema ni biashara, nasi tukakubali kuwa ni biashara. Inaniuma hadi leo.

Lakini kumbuka ulichomwambia Mama mwenyewe: ulisikia kila kitu, ulijua ni bidoni, ila watu walikuwa wanapiga makofi ukashindwa kuwaharibia. Athanasie anasema watu wa jukwaani kwanza hujaribu wengi, humchagua anayetii upesi, na kelele za watazamaji humaliza kazi. Wanatafuta kicheko, wakishakipata hawana haja nawe tena. Kwake hakuna watazamaji, kuna kidonda. Papa akisema basi, ni basi. Wala hadai kuponya mkono kwa maneno. Anapunguza maumivu tu, ili asafishe bila mgonjwa kuteseka.

Tangu ujumbe wako ufike tumerudia njia ya zamani. Jirani yetu Byamungu anamshika miguu, mimi namshika mabega, Athanasie anasafisha. Papa analia, kaka. Mama hutoka akasimama kwenye migomba mpaka kuishe. Juzi aliuvuta mkono wake tukashindwa kumaliza, na sasa kidonda kimeanza kunuka.

Utasema, si akubali mwenyewe? Wewe umesahau alivyokukabidhi fimbo yake mbele ya ukoo, akasema neno la nyumba sasa ni lako. Yeye hajasahau. Kila tukifika kituoni Athanasie anamuuliza kama wako tayari, na Papa anajibu: "Tungojee kwanza Habineza."

Tunarudi kwa Athanasie Alhamisi. Ngabo anayekupa barua hii atapanda huku Jumatano. Mpe neno lako, hata likiwa moja.

Msalimie sana Kétsia, umbusu Lévi. Mama anawasalimu, na dada Tumukunde pia, ameshajifungua salama. Mungu awafunike huko mliko, na barabara ikurudishe kwetu.

Papa ameniomba nikuandikie jambo moja ambalo hajawahi kukuambia. Siku ile ya Kitshanga alikuwepo, nyuma ya watu, na hakucheka. Anasema alipoona ulivyoishika ile bidoni kama mtoto, mkono mmoja kichwani na mwingine mgongoni, isianguke, alijua ungekuwa baba mwema.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikikasirika,
Aimée