Kasha Lililotangulia Mazabodi

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Habari za huko? Sisi hatujambo, isipokuwa goti langu, ambalo siku hizi linajipangia ratiba. Mama yako anakusalimu.

Uliposema unataka kujiundia kompyuta ya kuchorea ramani za nyumba, nilimwambia mama yako haiwezekani binti wa seremala akanunue kasha la bati. Basi nimekutengenezea la mbao ngumu, nikalipiga msasa na vanishi mpaka unajiona ndani yake. Vipimo nimevichukua kwenye ile kompyuta ndogo iliyobandikwa nyuma ya skrini ya karani wa duka la mbao. Alipokwenda chooni nikaipima haraka haraka. Nimeongeza droo, sijui ya nini, lakini inapendeza. Dereva wa basi atakuletea. Kazi yako ni kutia vyuma tu.

Baba yako

12 Machi

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, na goti lako lipe pole zangu. Kasha limefika na wapangaji wenzangu wanapanga foleni kulipapasa. Ni zuri mno.

Tatizo, Baba, ni kwamba mtu haanzi na kasha. Anachagua prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, halafu mazabodi, yaani ule ubao ambao kila kitu huchomekwa juu yake, unaoikubali prosesa hiyo na wenye nafasi za kutosha za ram, ile kumbukumbu inayoipa kompyuta wepesi. Kasha huja baadaye. Mimi nilishauchagua ubao wangu, mkubwa, wa nafasi nne. Nimekata karatasi ya ukubwa wake nikaijaribu humo: inaingia ikikunjwa. Kinachoenea ni ubao mdogo kabisa, wa nafasi mbili.

Mkandarasi ameniahidi kazi ya kudumu nikimmalizia mchoro wa jengo la ghorofa tano kufikia mwisho wa mwezi ujao. Huwezi kulipanua kidogo?

Bintiyo

19 Machi

Mwanangu,

Hatujambo. Goti linashukuru.

"Kulipanua kidogo." Mbao si unga, useme nitaongeza maji. Tangu nishike randa sijarudishiwa kazi, hata na yule mwalimu mkuu anayelalamikia mpaka mvua. Huo ubao mdogo una kasoro gani? Chagua unaoingia. Milango yangu yote imeingia kwenye fremu zake.

Mama yako anasema nimenuna. Sijanuna.

Baba yako

2 Aprili

Shikamoo Baba,

Natumaini goti na roho vyote vimetulia. Milango yako iliingia kwa sababu fremu zilikuwepo kwanza, lakini tuyaache hayo.

Nimenunua ubao mdogo. Umeingia barabara. Kompyuta inawaka, feni inazunguka, na kwenye droo nimeweka soksi. Mchoro wa ghorofa ya kwanza na ya pili unafunguka vizuri. Wa tatu inabidi kompyuta ifikirie kwanza, nami huwa naenda kufua nguo nikiisubiri. Inatosha, Baba, usijali.

Bintiyo

9 Aprili

Mwanangu,

Habari za kazi? Barua yako nimewasomea mafundi wote hapa karakanani, wakapiga makofi. Kisha nikaisoma tena peke yangu.

Ulipoanza shule nilikununulia viatu, ukasema vinatosha. Ulivivaa muhula mzima, mpaka mama yako alipoviona vidole vyako. Tulipokuuliza, ulisema ulinyamaza kwa sababu baba alikuwa amefurahi sana dukani. Sitaki ufike kwa mkandarasi umekunja vidole.

Rudisha huo ubao mdogo kabla muuzaji hajaanza kujifanya hakujui, uchukue ule ulioutaka wewe. Nitumie vipimo vyake. Mbao nimeshanunua, na nimewaambia mafundi kwamba kasha la kwanza nilikosea. Wamefurahi kupita kiasi. Mpe dereva alirudishe, mama yako ana kuku anayetafuta pa kutagia.

Baba yako

14 Aprili

Shikamoo Baba,

Mimi mzima. Ubao mkubwa ninao mezani. Urefu ni sentimita thelathini na nusu, upana ishirini na nne na nusu. Acha nafasi ya feni, na nyuma toboa matundu ya hewa.

Nimepima huku nalia, kwa hiyo ongeza kidogo kila upande.

Bintiyo